Kuzamia Mapangoni kwa Ribriza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Wapo waliozoea kuzamia mapangoni kwa mitungi ya kawaida, wakapitwa na mwenzao aliyekuwa kimya bila povu hata moja, wakatamani. Na wapo walionunua mashine kwanza, wakaizungusha kwenye miamba ya baharini mpaka wakaichoka, sasa wanatafuta pa kwenda nayo. Majibu ni yaleyale, ila kila kundi lina makosa yake. Ukurasa huu haumfundishi mtu kuzamia. Unamwonyesha anaingia katika nini kabla hajalipa ada.

Ribriza ni nini hasa?

Ni mashine ya kupumulia ya mzunguko funge. Pumzi unayoitoa haimwagwi majini. Inapita kwenye bomba hadi kwenye kopo la chokaa ya soda, chokaa inanasa hewa ukaa, oksijeni uliyoitumia inarudishiwa, na pumzi ileile inakurudia mdomoni. Ina mitungi midogo miwili: mmoja wa oksijeni safi, wa pili wa gesi ya kuchanganyia, ambayo yaweza kuwa hewa ya kawaida au mchanganyiko wenye heliamu. Ina mifuko ya pumzi inayojaa unapotoa pumzi na kusinyaa unapovuta. Na ina vihisi vya oksijeni, kwa kawaida vitatu, vinavyoonyesha kwenye skrini kila wakati unapumua nini. Katika mashine nyingine vali ya umeme huongeza oksijeni yenyewe. Katika nyingine unaongeza kwa kidole.

Kwa nini mtu aibebe hadi pangoni?

Kwanza, muda. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji atavuta 80 akiwa mita 30, kwa sababu kanieneo ya huko ni mara nne. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400. Dakika 30, basi. Lakini mwili wenyewe hauli oksijeni yote hiyo. Ukiogelea kwa utulivu unatumia takriban lita moja ya oksijeni kwa dakika, uwe mita 5 au mita 50. Kwa hiyo kimtungi cha oksijeni cha lita 3, chenye lita 600, kwenye karatasi kinatosha saa 10. Chokaa itakuwa imechoka kabla ya hapo.

Pili, mapovu, na hili ni la pangoni hasa. Mapovu ya mtungi wa kawaida hupanda mpaka darini, yakabandua tope na chembe zilizotulia huko miaka na miaka, nazo zikanyesha juu ya njia unayotarajia kurudi nayo. Ribriza karibu haitoi mapovu, isipokuwa unapopanda na gesi iliyotanuka inapobidi itoke.

Tatu, chokaa ikifanya kazi hutoa joto na unyevu. Unapumua pumzi vuguvugu. Ukikaa saa tatu kwenye maji baridi, hiyo si anasa.

Uwezo huu si wa jana. Mwaka 1987, katika chemchemi ya Wakulla huko Florida, mhandisi Bill Stone alikaa chini ya maji saa 24 mfululizo akiijaribu ribriza aliyoibuni kwa ajili ya mapango.

Basi nikiwa nayo naweza kwenda mbali kiasi gani?

Mbali kadiri mitungi yako ya akiba inavyoweza kukurudisha. Swali hili ndilo kiini cha mafunzo yote, na ndilo ambalo wanafunzi wengi hulijibu vibaya siku ya kwanza, kwa kutaja saa za mashine.

Mashine ikifa ukiwa pangoni huwezi kupanda juu ukapumue. Juu kuna jiwe. Unaiacha, unachukua regyuleta (kifaa cha mdomoni cha kupumulia) ya mtungi wa akiba, unarudi kwa njia uliyoingilia ukipumua kama mzamiaji wa kawaida, yaani ukimaliza gesi kwa kasi ileile ambayo ribriza ilikufanya uisahau.

Tupige hesabu. Uko mita 300 kutoka mlangoni, kina mita 20, unaogelea mita 15 kwa dakika. Safari ya kurudi ni dakika 20. Kanieneo ni mara tatu. Usijihesabie pumzi za mtu aliyetulia. Mtu aliyeponea chupuchupu anahema, kwa hiyo weka lita 30 kwa dakika. Mara tatu ni 90, mara dakika 20 ni lita 1,800. Ongeza nusu yake kwa ajili ya kamba ya kuongoza njia iliyonasa, mwenzako aliyechelewa, au sehemu finyu ya kupita mmoja mmoja: 2,700. Mtungi wa alumini wa lita 11 kwenye bar 200 una 2,200. Mmoja hautoshi. Unabeba miwili, au hufiki mita 300.

Kama una vituo vya kusubiri wakati wa kupanda, ili gesi itoke mwilini taratibu, hesabu inaanza upya. Mkondo nao unahesabiwa. Katika chemchemi mkondo unakusukuma nje, unakusaidia kurudi. Pango linalovuta maji kuelekea ndani ni habari nyingine kabisa, na si pa mwanafunzi.

Kanuni ya theluthi bado ipo?

Theluthi moja ya kuingilia, moja ya kutokea, moja ya dharura: hiyo ni kanuni ya mitungi ya kawaida. Kwenye ribriza haikuambii ugeuke lini, kwa sababu geji ya oksijeni husogea polepole mno. Hapo ndipo penye mtego. Mzamiaji wa mtungi huambiwa na geji kwamba wakati umefika; wewe huna mtu wala kitu cha kukuambia. Muda wa kugeuka, umbali wa mwisho na kina cha mwisho vinaandikwa kabla ya kuingia majini, na vinafuatwa hata kama kila kitu kinakwenda vizuri. Hasa kama kila kitu kinakwenda vizuri.

Nianze na cheti cha pango au cha mashine?

Vyama vya mafunzo vinatofautiana. Vingine vinakuruhusu ujifunze pango moja kwa moja ukiwa na ribriza, mradi umeshafikisha saa kadhaa za kuitumia kwenye maji ya wazi. Vingine vinataka uwe mzamiaji kamili wa mapango kwa mitungi kwanza.

Maoni yangu: anza na pango kwa mitungi. Kamba, kurunzi, mapezi yasiyotibua tope, utulivu gizani, yote hayo hujifunzwa vizuri zaidi mashine isipokudai macho yako kila dakika. Kisha jifunze mashine kwenye maji ya wazi, ambako kosa lina njia ya juu. Kisha uyaunganishe.

Nina vyeti vyote viwili. Kwa nini kozi ya tatu?

Kwa sababu mazoea ya upande mmoja hukuumiza upande wa pili. Mifano mitatu.

Mzamiaji wa mapango kwa mitungi akiona jiwe mbele huvuta pumzi kidogo, anapanda kiganja kimoja, analipita. Kwenye ribriza pumzi inatoka mfukoni kuingia kifuani. Ujazo haubadiliki, hupandi hata unywele. Unaligonga jiwe.

Vilevile amezoea kutoa regyuleta mdomoni na kumpa mwenzake. Akikitoa kinywa cha ribriza, yaani kile kipande cha bomba kinachokaa mdomoni, bila kukifunga kwanza, maji yanaingia kwenye mzunguko. Uzito unabadilika ghafla, na maji yakifika kwenye chokaa yanarudi mdomoni kama maji makali yanayochoma koo. Aliyewahi kuyaonja haulizi tena kwa nini kinywa hufungwa.

Upande wa pili, mwenye ribriza aliyezoea ukuta wa bahari hushuka mara moja na kupanda mara moja. Pango lina mabonde na vilima. Chukua mtu aliye mita 10 na mashine imeshika kanieneo ya oksijeni ya bar 1.2, maana yake asilimia 60 ya anachopumua ni oksijeni. Njia ikateremka ghafla hadi mita 30. Gesi yake inasinyaa nusu, nusu nyingine inajazwa na hewa, na mchanganyiko unakuwa kama asilimia 40. Mara kanieneo nne, ni 1.62. Mpaka wa hatari ni 1.6. Hajakosea chochote ila kuteremka haraka. Akipanda kilima cha pili oksijeni inashuka, mashine inaongeza, gesi inatanuka, anaitoa, na kila kilima kinakula gesi ambayo hakuihesabia.

Mashine inaua vipi?

Kwa njia tatu, na mwanafunzi anatakiwa azijue kama jina lake.

Upungufu wa oksijeni hauna dalili za kutegemea. Hakuna maumivu, hakuna kukabwa, unazimika tu. Chanzo huwa ni cha aibu: vali ya oksijeni haikufunguliwa, au mtu alipanda haraka.

Oksijeni iliyozidi huleta degedege. Ndani ya maji degedege ni kufa maji, isipokuwa kinywa kimefungwa kwa mkanda kisitoke na mwenzako yuko karibu. Vihisi ndivyo vinavyokulinda, navyo huzeeka. Kihisi kilichochoka hushindwa kusoma juu ya kiwango fulani. Mashine inadhani oksijeni ni kidogo, inaongeza. Vikichoka viwili kwa pamoja, vinakishinda kwa kura cha tatu ambacho ndicho kizima, na kompyuta inaamini waongo wawili. Dawa yake ni kusafisha mzunguko kwa gesi unayoijua. Hewa kwenye mita 20 lazima isome karibu 0.63. Isiposoma hivyo, jua nani mwongo.

Hewa ukaa ndiyo mbaya zaidi pangoni. Inatokana na chokaa iliyochoka au iliyopakiwa vibaya, vali ya kinywa iliyovuja, au kazi nzito kwenye gesi nzito. Inakuja na kuhema, kichwa kuuma, hofu, halafu akili inakataa kufanya jambo moja ambalo lingekuokoa: kutoa kinywa ubadilishe gesi. Mtu anayehema hivyo hathubutu kukaa bila pumzi hata sekunde mbili. Ndiyo maana wengi wetu tunataka kinywa chenye swichi, ukikizungusha kinakupa gesi ya akiba palepale bila kukitoa. Wataalamu wanashauri uzito wa gesi usizidi gramu 5.2 kwa lita, na kamwe usivuke 6.2. Hewa ya kawaida kwenye mita 30 iko karibu gramu 5. Ukitaka kwenda chini zaidi, tumia heliamu, hata kama akili yako inadhani inaona sawasawa.

Mfano unaojulikana ni wa Dave Shaw, rubani wa Australia aliyekufa Januari 2005 katika shimo la Boesmansgat, Afrika Kusini, kwenye kina cha mita 270 hivi, akijaribu kuutoa mwili wa Deon Dreyer aliyefia humo mwaka 1994. Alikuwa na ribriza na kamera kofiani. Kinachosikika ni pumzi zinazozidi kwenda mbio wakati akihangaika na kamba.

Kuna takwimu za vifo?

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulihesabu vifo 181 vya wazamiaji wa ribriza kati ya 1998 na 2010, mapangoni na kwingineko, na ukakadiria kuwa hatari yake ni kama mara kumi ya mtungi wa kawaida. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wenye ribriza huenda mahali pagumu zaidi. Sehemu tu.

Kupumua dakika tano kabla ya kuingia majini kutanionyesha kama chokaa ni mbovu?

Usitegemee. Watu waliowekwa kwenye majaribio, wakapewa mashine yenye kasoro ya chokaa bila kuambiwa, wengi hawakugundua kasoro hiyo ndani ya dakika tano, na hata chokaa ilipoondolewa kabisa wapo ambao hawakugundua. Zile dakika bado zina faida: zinathibitisha kuwa oksijeni inaongezwa na vihisi vinajibu. Lakini chokaa unaithibitisha mezani, unapoipakia kwa mikono yako, unapogonga kopo ili isibaki njia ya kupenyeza hewa, na unapopitia orodha ya ukaguzi kwa sauti kuanzia namba moja. Kwa karatasi. Si kwa kichwa.

Chokaa hukaa saa ngapi?

Saa zilizoandikwa na mtengenezaji wa mashine yako, kwa aina ya chokaa aliyoitaja. Kipimo cha Ulaya kinafanyika kwenye maji ya nyuzi 4, mita 40, kopo likilishwa lita 1.6 za hewa ukaa kwa dakika, yaani kazi nzito kwenye baridi. Watu hujisifu kuwa wamevuka saa hizo kwenye maji ya uvuguvugu. Waache. Nusu ya mkebe wa chokaa si kitu cha kubania.

Mafunzo yenyewe yakoje?

Yanaanza nchi kavu. Kamba inafungwa kutoka mti hadi mti, unafumbwa macho, unaifuata kwa vidole ukisoma mishale ya plastiki inayoelekeza kwenye mlango wa karibu. Watu wazima wenye kazi zao wanajigonga kwenye matawi na kucheka. Kicheko kinaisha zoezi lilelile linaporudiwa ndani ya pango, taa zimezimwa, ukiwa umeshika kamba kwa mkono mmoja na mtungi wa akiba kwa mwingine.

Kisha maji ya wazi, kupima mlingano wako: ukae sentimita chache juu ya mchanga bila kuugusa, ubadilishe gesi, ufunge na kufungua vali, uvue na kuvaa miwani, usipande wala kushuka. Anayeshindwa hapo haingizwi pangoni, na mkufunzi mzuri hatamwonea haya.

Ndani ya pango mkufunzi anakuharibia mashine kwa maneno na kadi. "Skrini imezima." "Kihisi cha pili kinadanganya." "Vali ya umeme imekwama wazi." "Hewa ukaa." Unatakiwa ujibu kwa mikono kabla ya maelezo. Zoezi kubwa ni kutoka pangoni kutoka mahali pa mbali kabisa mlipofika kwa mitungi ya akiba pekee, mzunguko umefungwa. Ni hapo ambapo hesabu ya lita 2,700 inaacha kuwa karatasi. Wengi hukuta pumzi zao halisi ni kubwa kuliko walizoandika.

Mazoezi mengine: kupoteza kamba na kuitafuta kwa kigurudumu cha akiba chenye kamba nyingine, kumpa mwenzako mtungi katikati ya giza, kumrudisha aliyezimika akiwa na mashine mdomoni.

Tope likiziba kila kitu, nitasomaje skrini?

Unaibandika kwenye kioo cha miwani. Mashine nyingi pia zina taa ndogo karibu na jicho zinazomweka kwa mpangilio wa kuonyesha kiwango cha oksijeni. Usipoweza kusoma chochote kati ya hivyo, toka kwenye mzunguko uende kwenye gesi ya akiba. Mkono haukuwahi kuiacha kamba, sivyo?

Mashine ivaliwe mgongoni au ubavuni?

Mgongoni kwa kujifunzia. Za ubavuni hupita mahali pembamba, lakini kila mabomba yanapohamishwa upumuaji hubadilika, na njia nyembamba si somo la mwaka wa kwanza.

Tunaweza kuchangia mitungi ya akiba kama timu?

Wapo wanaofanya hivyo: watatu wanabeba kiasi cha kumtoa mmoja na nusu. Kwenye karatasi inapendeza. Pangoni inadai kwamba hamtaachana, na kwamba ni mashine moja tu itakayoharibika. Kwa miaka ya mwanzo beba ya kwako yote.

Mwenzangu anatumia mitungi ya kawaida. Tuzamie pamoja?

Inawezekana, kwa masharti yake yeye. Mpango unafuata gesi yake, na wewe unabeba regyuleta ndefu ya kumpa. Mfundishe pia kuzisoma taa zako na kukufunga kinywa, maana siku ukizimika ni yeye aliye karibu.

Watu hujifunzia wapi?

Florida ya kaskazini ndiyo kitovu cha zamani: Ginnie Springs, Peacock Springs na chemchemi nyingine za mito ya huko, zenye kamba za kudumu na mabango ya kifo milangoni yanayowaambia wasio na mafunzo warudi. Sheck Exley, aliyechambua ajali za mapango na kutoa kanuni za kamba endelevu, theluthi, kina na taa tatu, alikuwa mtu wa huko. Alifia Zacatón, Mexico, mwaka 1994. Cenote (mashimo ya asili yenye maji) za Quintana Roo, Mexico, zina maji ya uvuguvugu na mapango yasiyo na kina kirefu, lakini mapambo yake ya mawe huvunjika kwa pezi moja. Mkoa wa Lot, Ufaransa, una njia ndefu kama za Ressel, kwa waliokwisha kukomaa.

Nitamjuaje mkufunzi mzuri?

Muulize mara ya mwisho alipomkatalia mwanafunzi cheti. Asiyekumbuka, muage. Muulize kama anaizamia mashine ya aina yako kwa safari zake mwenyewe, wakati hafundishi. Mtazame akiandaa mashine yake: akiruka orodha ya ukaguzi kwa sababu "ameshazoea", umeshajibiwa.

Nani anaweza kusema turudi?

Yeyote, wakati wowote, bila kueleza. Kidole gumba juu, wote wanageuka. Maswali yanaulizwa mkiwa mmekaa kwenye nyasi.

Nimemaliza kozi, nikakaa miezi minane bila kuzamia. Naendelea nilipoishia?

Hapana. Angalia tarehe za vihisi kwanza. Vingi hubadilishwa kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, hata kama bado vinasoma. Tupa chokaa iliyobaki ndani ya kopo. Safari ya kwanza iwe maji ya wazi, ya pili iwe kwenye eneo la mlango linalofikiwa na mwanga wa jua, na katika zote mbili utoke kwa gesi ya akiba. Pima ulitumia lita ngapi. Kisha rudi kwenye ile hesabu, uweke namba mpya.